Kompyuta Ikizidiwa, Uione kwa Macho Yako

Kompyuta ikianza kuwa nzito, wengi wetu tuna dawa mbili tu: kuizima na kuiwasha tena, au kuibeba kwa fundi. Fundi naye, akiwa na foleni ya wateja, anapiga Windows upya, unalipa, unaondoka. Wiki chache baadaye uzito umerudi palepale, na hakuna aliyeuliza swali la kwanza: kinachoilemea mashine hii ni nini hasa? Ni prosesa? Ni kumbukumbu? Ni diski iliyochoka? Ni joto? Au ni programu moja tu inayokula kila kitu huku mwenye mashine hana habari?

Leo nataka tuzungumze namna ya kulijibu swali hilo wewe mwenyewe, bila kutoa hata shilingi. Nasema na wanaotumia Linux, na nasema pia na wale walionunua laptop za mitumba zenye GB 4 za kumbukumbu, wakaambiwa hazifai tena. Nyingi zinafaa. Ila mashine yenye uwezo mdogo inamtaka mwenyewe aijue vizuri kuliko yule mwenye mashine kubwa.

Chombo chenyewe kinaitwa Conky. Ni programu ndogo ya kufuatilia hali ya kompyuta, nayo haifungui dirisha la kukuzibia kazi. Inaandika moja kwa moja juu ya skrini ya nyuma, pembeni: saa, asilimia ya prosesa, kumbukumbu iliyotumika, nafasi ya diski, kasi ya mtandao, betri, joto, na majina ya programu zinazoongoza kwa kula. Unaendelea na kazi zako. Ukitaka kujua hali, unashusha madirisha na kutazama.

Conky ilianza mwaka 2005. Kabla yake kulikuwa na programu iliyoitwa Torsmo. Brenden Matthews akachukua msimbo wa Torsmo, akaujenga upya kwa jina jingine, na tangu hapo watu wengi wameuongezea mikono. Leseni ya Torsmo iliruhusu hivyo, na leseni ya Conky inaruhusu vilevile leo. Hiyo ndiyo faida ya programu huria ninayoithamini kuliko ile ya kutolipia: kazi ya mtu haifi kwa sababu yeye amechoka.

Kabla hatujaingia kwenye kuiweka, naomba tukae kidogo kwenye jambo linaloifanya Conky iwe nyepesi. Ndani ya Linux kuna folda inayoitwa proc. Ukiifungua utakuta mafaili, lakini mafaili hayo hayapo kwenye diski. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, huyatunga papo hapo unapoyasoma. Faili la meminfo linakueleza kumbukumbu yote ilivyogawanyika. Faili la loadavg linakueleza mzigo. Kila programu inayofanya kazi ina folda yake yenye namba, na ndani yake mna maelezo yake. Jaribu mwenyewe: fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, andika cat, nafasi, kisha /proc/uptime, bonyeza Enter. Zitatoka namba mbili. Ya kwanza ni sekunde tangu mashine iwashwe. Ya pili ni jumla ya sekunde ambazo viini vya prosesa vimekaa bila kazi, vyote vikihesabiwa pamoja, ndiyo maana mara nyingi namba ya pili inaishinda ya kwanza.

Habari zote ziko wazi, kwa maandishi ya kawaida, kwa yeyote aliye mbele ya kibodi. Sehemu kubwa ya kazi ya Conky ni kuyasoma mafaili hayo kila baada ya sekunde kadhaa na kukupangia. Haipimi kitu ambacho kerneli haijakipima tayari.

Tuiweke sasa. Kwa Linux Mint, Ubuntu au Debian, amri ni sudo apt install conky-all. Kwa Fedora, sudo dnf install conky. Ikishaingia, andika conky kwenye terminali na maandishi yatatokea kwenye skrini, kwa Kiingereza na bila urembo wowote. Hayo ni mapendekezo tu. Ili uyabadilishe unahitaji faili lako la mipangilio, na Conky yenyewe inakupa la kuanzia: tengeneza folda ya conky ndani ya ile folda iliyofichwa iitwayo .config, kisha andika amri conky -C na uielekeze imwage matokeo yake kwenye faili la conky.conf ndani ya folda hiyo. Ninaposema -C, ni C kubwa. Lifungue faili hilo kwa kihariri chochote cha maandishi.

Utaona sehemu mbili. Ya juu inaitwa conky.config, nayo inahusu mahali pa kukaa, aina ya maandishi, rangi, na kila baada ya sekunde ngapi namba zisasishwe. Ya chini inaitwa conky.text, nayo ndiyo inayoonekana. Ukibadilisha neno ukahifadhi, skrini inabadilika hapohapo bila kuwasha chochote upya. Kwa anayejifunza, hilo ni jambo kubwa: unagusa, unaona.

Tahadhari kwa mnaonakili mipangilio ya watu wengine. Tangu toleo la 1.10 la mwaka 2015, faili hili huandikwa kwa lugha ya Lua, iliyobuniwa Rio de Janeiro mwaka 1993. Mipangilio ya kabla ya hapo ina sura nyingine kabisa. Conky hujaribu kuigeuza yenyewe, na mara nyingine inashindwa. Ukikuta faili halina neno conky.config juu yake, jua ni la zamani.

Na mkiona maandishi yanapepesa, hakikisheni double_buffer imewekwa true. Yakipotea kila mnapobofya skrini, badilisheni own_window_type. Haya ni madogo, nayapita.

Nataka kukaa kwenye kumbukumbu, kwa sababu hapa watu wanatishika bure na wengine wanatapeliwa. Linux haiachi kumbukumbu ikae tupu. Faili ulilolifungua asubuhi, hata ukilifunga, Linux hubaki nalo ndani ya kumbukumbu ili ukilihitaji tena lije upesi bila kwenda kulichota kwenye diski. Programu nyingine ikidai nafasi, akiba hiyo inaachiwa mara moja. Sasa mtu asiyejua akitazama kumbukumbu iliyo tupu kabisa kwenye laptop ya GB 4, akaona zimebaki MB 180, atadhani mashine inakaribia kufa. Haikaribii. Namba ya kutazama kwenye meminfo ni ile inayoitwa MemAvailable, makadirio ya kerneli yenyewe ya kiasi ambacho programu mpya inaweza kupata bila mashine kuhangaika. Namba hiyo iliingizwa mwaka 2014, kwenye kerneli ya 3.14, kwa sababu watu walikuwa wakipiga hesabu hiyo kwa kubahatisha. Conky nayo ina kipengele cha no_buffers. Kikiwa true, ile akiba haihesabiwi kuwa imetumika, na asilimia unayoiona inakuwa ya kweli.

Halafu kuna swapu, sehemu ya diski inayotumika kumbukumbu ikijaa. Swapu kuwa na kitu ndani si ugonjwa. Ugonjwa ni pale MemAvailable imebaki kidogo, swapu inapanda kila ukifungua ukurasa mpya kwenye brauza, na taa ya diski haizimi. Ukiyaona matatu hayo kwa pamoja, hapo ndipo useme kumbukumbu haitoshi. Na kabla ya kununua laptop nyingine, uliza kama hiyo uliyonayo ina nafasi ya kuongeza kijiti cha RAM. Nyingi za miaka ya nyuma zinayo, na kijiti kilichotumika hakigharimu kama laptop.

Mzigo nao unasomwa vibaya. Conky inautoa kwa neno loadavg, na ni namba tatu: wastani wa dakika 1, wa dakika 5, na wa dakika 15. Fikiria madirisha ya benki na watu walio kwenye foleni: prosesa yenye viini 4 ina madirisha 4, kwa hiyo mzigo wa 4 maana yake kila dirisha lina mtu na hakuna anayesubiri. Mzigo wa 9 kwenye mashine hiyo, watu wanasubiri. Amri ya nproc itakutajia idadi ya viini vyako. Lakini Linux inahesabu pia programu zinazosubiri diski, na hapa ndipo penye uhondo. Ukiona mzigo uko juu na prosesa iko chini, tuseme mzigo ni 7 na prosesa inafanya kazi asilimia 10 tu, anza kwa kushuku diski: programu zimejipanga zikingoja kusoma na kuandika. Ongeza kipengele cha diskio kwenye conky.text upate uthibitisho. Kwa laptop za mitumba zenye diski za kuzunguka, hili ni chanzo cha kawaida sana cha uzito, na kuiondoa diski hiyo ukaweka SSD kunaleta nafuu ambayo kupiga mfumo upya hakuwezi kuileta.

Kwa programu zinazokula, weka mistari ya top name 1, top cpu 1, kisha ya pili na ya tatu. Na kwa kumbukumbu, top_mem name 1. Mistari 3 ya kila upande inatosha. Utashangaa ni mara ngapi jina la juu ni la brauza, na mara ngapi ni la kitu ambacho hukukifungua wewe.

Tuje kwenye bando. Kwa wanaotumia intaneti ya simu kwenye kompyuta, huu ndio mstari wa kwanza ambao ningewashauri muuweke. Downspeed inaonyesha kasi ya kinachoingia sasa hivi, upspeed kinachotoka, na totaldown jumla ya kilichoingia tangu kompyuta iwashwe. Mmeacha kompyuta imeunganishwa, hakuna aliye mbele yake, na mnaona kilobaiti 900 kwa sekunde zinaingia: kuna programu inajisasisha, au folda inapakuliwa kutoka kwenye hifadhi ya mtandaoni. Mtaijua kabla ujumbe wa simu haujafika kwamba bando limekwisha.

Lakini mstari huu ndio unaowashinda wanaoanza, kwa sababu mifano mingi imeandikwa eth0 au wlan0, na kwenye mashine nyingi za sasa kadi ya mtandao haiitwi hivyo tena. Inaitwa jina kama wlp2s0. Ukiacha lile la zamani, Conky itaonyesha sifuri siku nzima. Andika ip link kwenye terminali, tazama jina halisi, uliweke.

Joto sitalimaliza kwa leo. Niseme tu kwamba prosesa ikipata moto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na mtumiaji wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, chumba kisicho na kiyoyozi, feni imejaa vumbi la miaka, ataiona hali hiyo kama uzito wa programu. Weka mstari wa joto. Ukiona nyuzi 90 na zaidi huku unaandika barua tu, kinachotakiwa ni brashi na gundi mpya ya prosesa.

Betri nayo ina siri yake. Conky ikikuandikia asilimia 100, hiyo ni 100 ya kile ambacho betri inaweza kubeba leo, si kile ilichobeba ilipotoka kiwandani. Ukweli wote uko kwenye folda ya /sys/class/power_supply/BAT0. Kwenye mashine nyingine ni BAT1. Mna faili la energy_full_design, yaani uwezo wa awali, na faili la energy_full, uwezo uliobaki. Kwenye baadhi ya laptop yanaanza kwa neno charge. La kwanza likisema 48000000 na la pili 21000000, umebakiwa na chini ya nusu ya betri. Namba hizo mbili unaweza kuziweka kwenye Conky kwa kipengele cha execi, zikasomwa mara moja kwa saa, inatosha.

Ninalisisitiza hili kwa ajili ya wanunuzi. Linux Mint na Ubuntu zinaweza kuwashwa kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski ya kompyuta. Ukienda Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, kutafuta laptop iliyotumika, nenda na fleshi yako. Muombe muuzaji kwa heshima akuruhusu uiwashe kwa dakika chache. Soma mafaili hayo mawili ya betri, tazama joto, tazama idadi ya viini na kiasi cha kumbukumbu. Utapatana bei ukiwa na ushahidi mkononi.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kila neno linaloonekana kwenye Conky unaliandika wewe. Hakuna kusubiri kampuni ya ng'ambo iamue kama lugha yetu ina soko. Futa RAM Usage, andika Kumbukumbu. Futa Networking, andika Mtandao. Andika Betri, Joto, Mzigo, Zinazokula Zaidi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ofisi nzima ya programu kwa Kiswahili, na ile ilikuwa kazi ya timu na ya muda mrefu. Hii ya Conky ni kazi ya jioni moja, na mtoto wa sekondari anaiweza. Hata majina ya siku yapo: Linux ina mpangilio wa Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya. Ukiuweka kwenye mfumo na kuiwasha Conky huku LC_TIME ikiwa sw_TZ au sw_KE, siku zitajiandika Jumatatu, Jumanne, Jumatano.

Na saa? Saa yetu inaanza kuhesabiwa jua likichomoza, na kompyuta inasema saa 7 wakati sisi tunasema saa moja asubuhi. Conky ina kipengele cha tztime, kinachoonyesha saa ya eneo lolote la dunia. Afrika Mashariki iko mbele ya Greenwich kwa saa 3. Saa ya Kiswahili iko nyuma ya hiyo kwa 6. Kwa hiyo saa yetu inalingana na eneo lililo nyuma ya Greenwich kwa 3. Andikeni hivi, nasoma polepole: alama ya dola, mabano ya mawimbi yafunguliwe, tztime Etc/GMT+3 %I:%M, mabano yafungwe. Hiyo I ni kubwa, ndiyo inayotoa hesabu ya saa 12. Msishangazwe na alama ya kujumlisha: kwenye majina ya kundi la Etc alama zimegeuzwa, kujumlisha maana yake ni nyuma ya Greenwich. Wenzetu wa Bujumbura na Kigali, ambao mko mbele ya Greenwich kwa 2, wekeni 4 badala ya 3. Mkihifadhi, saa moja asubuhi itaandikwa 01:00, na adhuhuri itaandikwa 06:00, jinsi mama zetu wanavyosema.

Nionye jambo moja. Kuna mapambo mengi ya Conky, duara zinazozunguka, picha za hali ya hewa zinazochotwa mtandaoni kila dakika, majalada ya nyimbo. Yanapendeza. Lakini kipengele cha exec huendesha amri kila namba zinaposasishwa, na ukiwa na amri kumi za namna hiyo kila sekunde, chombo cha kupima mzigo kinakuwa ndio mzigo. Tumieni execi, ambayo inakubali kupangiwa muda. Wekeni update_interval iwe sekunde 2 au 3, na update_interval_on_battery iwe zaidi ya hapo. Kwa laptop ya GB 4, maandishi matupu na mistari michache ya asilimia ndiyo mpangilio bora. Mimi siuoni upungufu wake.

Jambo la mwisho la kiufundi. Conky ilizaliwa kwenye mfumo wa zamani wa kuchora madirisha, X11. Ubuntu ya kawaida siku hizi hutumia Wayland, na huko Conky inaweza kukaa mahali usipopataka, ingawa matoleo mapya yameanza kuitambua Wayland. Anayeanza nampeleka Linux Mint yenye Xfce, nyepesi, na Conky inakaa mahali pake bila ugomvi. Kisha aiongeze kwenye orodha ya programu zinazojiwasha, kwa amri conky --pause=10, ili isubiri skrini itulie kwanza.

Nina ombi kwa mafundi wanaonisikiliza. Mteja akikuletea laptop yake na kusema ni nzito, kabla ya kugusa chochote, iwashe kwa fleshi ya Linux, umwonyeshe namba: hii ndiyo kumbukumbu yako, hii ndiyo diski yako, hili ndilo joto, hii ndiyo betri iliyobaki. Muandikie kwenye karatasi. Aamue mwenyewe anunue nini na aache nini. Na wewe msikilizaji mwenye laptop, ukifika kwa fundi asiyekuonyesha namba yoyote, muulize kwa upole: umejuaje?